Ruhusa ya Kusoma Moyo wa Mama

Mama alianguka mwezi wa kumi na moja, kwenye kijia cha kutoka zizini kwenda jikoni, akiwa amebeba ndoo ya maziwa. Hakuvunjika. Maziwa yalimwagika, na mwenyewe husema hicho ndicho kilichomuuma. Lakini jirani alimwona, akampigia dada yangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam, na ilipofika Krismasi, tulipopanda nyumbani kama wanavyopanda Wachaga wote, suala la mama lilikuwa limeshawekwa mezani pamoja na nyama.

Nyumbani ni juu ya Kiboriloni. Unaliacha soko na mitumba yake nyuma, unapanda mpaka unajuta kutovaa sweta. Kihamba chetu, shamba la ukoo, ni migomba, mibuni michache iliyochoka, nyumba ya matofali aliyoijenga baba, na baba mwenyewe, aliyelala chini ya migomba mbele ya dirisha la chumba alichokuwa akilala zamani.

Tulikaa kikao sebuleni. Dada alisema chumba Dar kiko tayari, kina feni na choo cha ndani. Kaka yangu, ambaye anaishi Mwanza na hupenda maamuzi ya haraka kwa sababu ana safari ndefu, alisema hakuna cha kujadili. Tulidhani mama hasikii. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Endeleeni," akasema. "Mnagawana. Nani kapewa kidari?"

Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na kidari kina heshima yake. Mama alitaka kujua yeye ni kipande cha nani.

"Mama, hakuna anayekugawa," dada alisema. "Tunataka tu usikae peke yako."

"Siko peke yangu. Baba yenu si yuko pale?"

"Baba hawezi kukuinua ukianguka."

"Alikuwa haniinui hata alipokuwa mzima," mama akasema, akarudi jikoni.

Kaka alicheka, kisha akanitazama. Dada naye akanitazama. Kwa mila yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na wazazi wakiwa ndani yake. Huyo ni mimi. Naishi Soweto, Moshi mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye vitabu vingi kuliko vyombo. Ni karibu na nyumbani kiasi kwamba sina kisingizio cha umbali, kwa hiyo kwa miaka mingi nimelazimika kutumia visingizio vya hali ya juu zaidi. Naandika makala magazetini, nafundisha vipindi kwenye chuo kimoja, kiuno kinanisumbua, mtandao wa kule juu ni mbovu. Nilivipanga visingizio hivi kama mtu anayetetea tasnifu.

Basi siku ile, macho yote yakiwa kwangu, nilifanya anachofanya msomi akiombwa kubeba kitu kizito. Nilipendekeza teknolojia.

Nilisema tumnunulie mama saa ya mkononi, ya aina ile inayohesabu hatua na kupima mapigo ya moyo na usingizi. Saa inapeleka taarifa kwenye huduma fulani ya mazoezi mtandaoni. Nami nina msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta, ambaye hunisaidia kusahihisha makala. Msaidizi huyo anaweza kuunganishwa na ile huduma, akasoma taarifa za mama, akatuandikia kila wiki kwa Kiswahili safi jinsi mama anavyoendelea. Mpaka Pasaka tutakuwa tumejua. Akiwa mzima, abaki. Akidhoofika, aende Dar.

Walikubali upesi mno. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anatafuta kitu cha kubeba macho yake nyumbani wakati mwenyewe yuko kwingine.

Mama alisikiliza akiwa amesimama. "Na hiyo saa ikisema mimi ni mzima?"

"Unabaki," kaka alisema.

"Na sitasikia tena habari za chumba chenye feni?"

"Hutasikia."

"Ileteni."

Saa ilikuja mwezi wa kwanza, nyeusi, nyepesi, na nzuri kuliko nilivyotarajia. Pamoja nayo kaka alituma simu janja ya kukaa sebuleni, ipokee taarifa za saa na kuzirusha mtandaoni. Laini ya mama mwenyewe ilibaki kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, ambacho hukifunga kwenye ncha ya khanga. Nilipanda Jumapili mchana, alipokuwa ametoka kanisani, nikafungua kompyuta juu ya meza ya sebuleni kama daktari anayefungua mkoba.

Kwanza nilimfungulia akaunti kwenye ile huduma, kwa jina lake na neno la siri alilolichagua mwenyewe, akaniamuru nigeuze uso wakati akiliandika kwa kidole kimoja. Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa sote wawili. Kisha nikamwambia msaidizi wangu aombe kuunganishwa. Ukatokea ukurasa wa ruhusa, umeandika mambo ambayo msaidizi ataruhusiwa kusoma: hatua, usingizi, mapigo ya moyo. Chini kulikuwa na kitufe cha kukubali na kitufe cha kukataa.

"Huyu anayeomba ni nani?" mama aliuliza.

"Msaidizi, mama. Si mtu. Ni programu."

"Ya ukoo gani?"

"Haina ukoo."

"Kitu kisicho na ukoo ndicho kinataka kusoma moyo wangu." Alivua miwani akaifuta. "Umempa neno langu la siri?"

Hapo nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba huo ndio uzuri wa mpango wenyewe. Msaidizi halioni neno la siri kamwe. Mama anajitambulisha kwa ile huduma moja kwa moja, na huduma ndiyo inayompa msaidizi kibali cha kusoma mambo yale matatu tu, kwa muda, na kibali kikiisha anaomba upya.

Mama alifikiri. "Ni kama nimemtuma mtoto wa watu akaniletee chumvi. Simpi ufunguo wa nyumba. Namwambia aende dirishani, aliyemo ndani amkabidhi."

"Hasa," nilisema. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi za maelezo kuhusu jambo hilo na hakuna uliolisema vizuri hivyo, lakini sikumwambia, maana angejivuna.

"Na hawezi kugusa kitu?"

"Anasoma tu."

"Basi ni mgeni asiyekula," mama akasema. "Hao ndio wa kuogopa."

Alikubali. Huduma ikataka uthibitisho wa mwisho, ikatuma tarakimu kwenye kitochi. Nilikisikia kikilia kwenye khanga.

"Nisomee, mama."

"Nikusomee nini?"

"Hizo tarakimu zilizoingia."

Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. Mama alikuwa amepokea meseji nyingi za matapeli zinazomwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Mchungaji alikuwa ametangaza kanisani, na redio inarudia kila siku, kwamba tarakimu zinazoingia kwenye simu yako humtajii mtu yeyote, hata akisema ni mwanao.

"Mama, mimi ni mwanao kweli."

"Ndivyo watakavyosema."

Tulikubaliana kwamba akiwa ananiona kwa macho ataziandika mwenyewe kwenye kompyuta, ila kwa simu hatazitaja kamwe, hata nikilia. Na alishika neno lake. Kibali kilipokufa kwa mara ya kwanza, mwezi wa pili, nilimpigia kutoka Soweto nikamwomba tarakimu. Akanihoji jina la ng'ombe wetu wa zamani aliyekuwa na pembe moja. Nikalitaja sawasawa. Akasema matapeli siku hizi wanafanya utafiti, akakata simu.

Kwa hiyo kila kibali kilipokufa nilipanda mlimani, na sikuzote nilipanda Jumapili, siku niliyokuwa huru. Nilimkuta sebuleni na kitenge cha kanisani, saa mkononi, ndizi za mtori zimeiva, na yeye mwenyewe amekaa wima kama picha. Tuliandika tarakimu, tukala, nikashuka. Dada alisema kwenye kundi la familia kwamba tangu tuunganishe huo mtambo nimekuwa naenda nyumbani kuliko miaka yote iliyopita. Alikuwa anasifu mtambo.

Na ripoti zilikuwa nzuri. Kila Jumatatu msaidizi aliandika, nami nikazituma kwenye kundi. Mama ametembea njia ya mlima. Moyo wake umefanya kazi kwa bidii kwa muda mrefu, kiwango cha mtu anayefanya mazoezi ya nguvu. Wiki hii amekwenda mbali kuliko wiki iliyopita. Kaka alituma vidole gumba. "Bibi anatushinda," aliandika. "Mimi ngazi za ofisini tu nahema." Chini ya kila ripoti msaidizi aliongeza sentensi kwamba siku nyingi za wiki hazina taarifa yoyote, hivyo asingependa tuchukue hayo kuwa hali yake ya kila siku. Sote tuliisoma sentensi ile kama tunavyosoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Kama kuna aliyejiuliza, jibu lilikuwa tayari: mtandao wa kule juu ni mbovu. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe.

Wiki chache kabla ya Pasaka ile huduma ya mazoezi ilibadilisha utaratibu wake wa usalama, ikawataka watumiaji wote wajitambulishe upya. Kibali kikafa katikati ya wiki. Dada alitaka ripoti kabla ya kikao cha Pasaka, na Jumapili ile nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, kwa hiyo nilipanda Jumatano. Sikumpigia. Sijui kwa nini nasema sikumpigia kana kwamba nilikusudia. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji.

Mlango wa sebuleni ulikuwa umefungwa. Moshi ulitoka jikoni, lile jiko la mbao nyuma ya nyumba. Nilipozunguka niliona viti. Viti vya sebuleni, vile vya wageni vyenye vitambaa vya kufuma, vilikuwa vimetolewa nje na kupangwa mstari, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa nyumba, na kutoka hapo hadi chooni. Vingine vilikuwa vimenyeshewa. Nilifikiri kwanza kuna msiba au kikao cha jumuiya. Kisha nikaona jinsi vilivyokaa, kila kimoja kikiwa umbali wa mkono kutoka kwa kingine, migongo yote upande mmoja, na mbao za juu zimeng'aa kwa kushikwa.

Mama alikuwa amekaa chini karibu na moto, na sweta la baba, miguu imevimba. Zizi lilikuwa kimya. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa na mtoza ushuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo si Jumapili."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Nimemweka kwa jirani. Anamkatia majani, anakunywa maziwa, mbolea anatumia. Ndama akizaliwa wa kwanza ni wangu." Alisema haraka, kama mambo ya kawaida, na kweli kwetu ni kawaida kuweka ng'ombe kwa mtu. Ila mama yangu ni mtu ambaye siku ya mazishi ya baba alitoka katikati ya ibada kwenda kukamua.

Nikautazama mkono wake. "Saa iko wapi?"

"Kabatini."

"Kwa nini hukuivaa?"

Akanishangaa. "Leo ni Jumatano."

Aliyasema kwa subira, kama vile nimemuuliza kwa nini hakuvaa gauni la harusi jikoni. Niliingia sebuleni nikafungua kabati la vyombo vya wageni. Ilikuwa mle, juu ya sahani za maua ambazo hatujawahi kulia chakula, imefunikwa na kitambaa. Jumamosi jioni huichaji huku akipiga pasi kitenge. Jumapili huivaa. Na kwenye misiba, kwa kuwa misiba ni mingi na watu hutazamana. Kitu kizuri kama kile, kilichotoka kwa watoto, angekivaa kwenye majivu?

"Mama, saa ilikuwa ikutazame kila siku."

"Mlisema inatazama moyo," alijibu. "Moyo wa jikoni una nini cha kutazama?"

Nilikaa kwenye kigoda. Niliuliza anakwendaje basi kwenye hiyo misiba, na akanieleza bila kuficha, maana lililokuwa la kufichwa nilikuwa nimeshaliona. Mama wawili wa jumuiya, ambao ndio hurudisha viti sebuleni kila Jumamosi, humshika mikono, huku na huku. Wanapanda polepole, wanapumzika, wanapanda. Akifika huwa haoni vizuri kwa muda, masikio yanavuma, kisha anapata nafuu na kuimba pamoja na wenzake. Hivyo ndivyo moyo wake ulivyofanya kazi kwa bidii. Hivyo ndivyo alivyomshinda kaka na ngazi zake za ofisini.

Mtu wa aina yangu akikwama hufungua kompyuta. Niliifungua juu ya mapaja, nikaomba kibali upya. Ukurasa uleule ukatokea, na kitochi kikalia. Mama alifungua ncha ya khanga, akakisogeza mbali na macho, akasoma kimya kimya. Hakunyoosha mkono kuandika.

"Nikiandika hizi, unakwenda kuwaambia."

"Hata usipoandika, nimeshaona."

"Ulichoona wewe utakisema unavyotaka. Wewe ni mwandishi." Alikifunika kitochi kwa kiganja. "Waambie saa imeharibika."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka kwangu."

Kwenye kioo muda wa zile tarakimu ulikuwa unapungua, na sikumhimiza. Ulipokwisha, huduma iliandika kwa adabu kwamba tarakimu hizo hazifai tena na kwamba tunaweza kuomba nyingine. Nikafunga kompyuta.

"Nitahamia mimi," nilisema.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na ndicho kicheko kizuri nilichokisikia kwake mwaka ule. "Wewe? Kuku wenyewe wanajua wewe ni mgeni. Utakata majani? Utachota maji? Mwanangu, utaniongezea mtu wa kumpikia."

"Nitajifunza."

"Ungekuwa unataka ungekuwa umeshajifunza." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshageukia chungu. "Utakula kiburu? Ndizi na maharage tu, sikuandaa mgeni."

Nilikula. Nilirudisha viti ndani kisha, nikiwa natoka, nikavitoa tena nje kimoja kimoja nikavipanga kama nilivyovikuta. Mama alielekeza kwa kidevu. "Hicho sogeza. Hapo sifiki."

Nilishuka Soweto nikamweleza msaidizi yote, kama mtu anavyomweleza mlevi mwenzake. Sikutaka ripoti. Nadhani nilitaka anipe njia ya kueleza ukweli ambao hautakuwa na matokeo. Alijibu kwamba taarifa alizonazo ni za siku chache tu na hazimwezeshi kusema lolote kuhusu siku zilizobaki, kwamba uvimbe wa miguu na kutoona vizuri ni vya kupelekwa hospitali bila kusubiri, na akauliza iwapo kuna mtu wa familia anayeishi karibu naye.

Niliandika kwenye kundi. Niliandika kila kitu, viti pia. Dada alinipigia akilia, kisha akilaumu, kisha akitafuta gari. Kaka aliandika neno moja, "Dar," na safari hii hakuweka kidole gumba.

Hospitalini walisema ni moyo, wakampa dawa, wakasema asikae peke yake. Mama alisikiliza akitazama ukuta. Kwangu hakusema kitu, isipokuwa siku ya kuondoka, wakati dada anapakia mikungu kwenye gari kana kwamba Dar hakuna ndizi. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, saa mkononi. Alikuwa ametoka kusimama kwa baba, nami nikajifanya natazama matairi.

"Mfongo wetu ni Alhamisi," alisema. Mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka juu msituni, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyageuza yaingie kwenye migomba yake. "Unafika kabla jua halijachomoza vizuri, unaziba kwa udongo na magome ya migomba pale kwenye jiwe, yanaingia. Kiangazi kikija usilaze zamu."

"Sitalaza."

"Ukilaza sana wanasema nyumba haina mtu."

Dar, mama huvaa saa kila siku. Dada aliona ni maendeleo, na alinitumia ujumbe wa kunipongeza. Mimi nilijua, na nilitamani nisijue: kule kila siku yuko kwa watu. Anaamka, anaoga, anavaa nguo ya kutokea, anairudisha saa mkononi, anakaa kwenye kochi la mtu mwingine akiwa amejiandaa kama Jumapili. Ripoti sasa zimekamilika. Ile sentensi ya chini imetoweka; msaidizi anaandika kwamba ana taarifa za siku zote saba na anaweza kueleza hali yake kwa uhakika zaidi. Analala vizuri. Moyo umetulia. Anatembea kutoka chumbani hadi sebuleni, na kutoka sebuleni hadi kwenye kibaraza, na kurudi. Kibali kikifa nampigia, naye ananisomea tarakimu zote papo hapo, moja moja, bila kuniuliza mimi ni nani.

Alhamisi za kwanza mvua ilikuwa inanyesha, mfongo haukuhitaji mtu. Za katikati nilikuwa na vipindi. Kisha kipupwe, kisha mwezi wa nane ukaja na vumbi lake, majani ya migomba yakaanza kukunjika hata kwa mtu anayeyatazama kutoka mjini. Nilipanda Alhamisi moja na jembe jipya, kipini chake bado kina karatasi ya dukani. Nilichelewa kidogo. Maji yalikuwa yameshazibwa pale kwenye jiwe, na yalikuwa yanakwenda upande wa pili, kwenye kihamba cha jirani, yule aliyewekewa ng'ombe. Mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya maji, sketi ameipandisha na kuifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kufungua madirisha?"

"Nimekuja kwa zamu ya mfongo."

Alilitazama jembe langu, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukaingia huruma ambayo ningeweza kuvumilia kama ingekuwa dharau. "Tulikaa kikao mwezi uliopita. Zamu imegawanywa. Kwenu hakukuwa na mtu wa kuuliza."

"Mimi nipo."

"Unalala hapa?"

Maji yalipita katikati yetu, yamebeba majani makavu.

"Atakayelala hapa atarudishiwa siku yake, wala hatutabishana," alisema kwa upole. "Maji hayapewi nyumba, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Analala vizuri."

"Msalimie. Mwambie ng'ombe wake ana mimba."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba iliyofungwa, nikampigia mama. Alipokea upesi, kama mtu aliyeshika simu mkononi. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yote yakanitoka. Nilimwambia tu kwamba zamu imekwenda, wamempa jirani, na sasa hivi anamwagilia.

Nyuma yake nilisikia televisheni ya dada na honi za Dar.

"Ameanza na migomba ya juu au ya chini?" aliuliza.

Nilisimama nikatazama. "Ya chini."

"Amekosea. Maji yakishalowesha chini, juu hayafiki tena leo. Mwambie azibe pale chini aanze na juu."

"Mama, ni shamba lake."

"Najua ni shamba lake. Nenda kamwambie."

Nikaenda nikamwambia.